Nani Anayehesabu Omena?

Ndugu msomaji, kabla hujaziba pua, nisikilize kidogo. Najua omena ana majina mengi ya dhihaka humu shuleni, na najua pia kwamba wale wanaomcheka mchana ndio hao hao ninaowaona jioni pale Kongo wakinunua cha shilingi hamsini huku wamevuta kofia ya sweta hadi machoni. Sitataja mtu. Mlezi wa Chama cha Kiswahili alituomba tuandike juu ya jambo tunalolijua kwa macho yetu wenyewe, si la kunakili kitabuni. Basi mimi jambo ninalolijua ni samaki, hasa samaki akishakufa na kukauka.

Kwa msomaji asiyeishi upande wetu, Kongo ninayoisema si ile nchi ya Lumumba. Ni hapa hapa Kawangware. Mama yangu huweka meza yake kando ya barabara kuanzia saa kumi jioni. Huuza omena, mbuta wa kukaanga, na mgongo wazi. Mgongo wazi ni kile kinachobaki baada ya viwanda kumtoa mbuta minofu: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Minofu hupakiwa kwenye barafu ikaenda ng'ambo, na mfupa huja kwetu ukakaangwa, nasi tunaulamba hadi unang'aa. Mama mdogo wangu hufanya biashara iyo hiyo kule Kibera, upande wa Makina, na mara nyingi wawili hawa huchanga pesa wakanunua gunia moja Gikomba kabla jua halijachomoza, kisha wakaligawa.

Sasa, kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai, sheria ya Kenya hufunga uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria, ili samaki apate nafasi ya kuzaa na kukua. Chukua kalenda ya shule uitazame. Miezi hiyo inameza muhula wa pili karibu wote. Kwetu nyumbani muhula wa pili ndio muhula wa chai ya rangi. Gunia linapanda bei Gikomba, gorogoro inapanda Kongo, aliyezoea kununua gorogoro ananunua kikombe, na pesa za chakula changu cha mchana zinaanza kuzungumzwa usiku, wakati mama anadhani nimelala.

Ndipo swali likaniingia kichwani. Huyo aliyesema miezi minne, si mitatu wala mitano, aliipata wapi nne yake? Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kenya ina asilimia 6 tu ya maji hayo, Uganda ina 43 na Tanzania ina 51. Samaki wako chini, wanatembea, na omena ni mdogo kama njiti ya kiberiti. Nani aliyewahesabu? Aliwahesabu vipi?

Nilianza na kilichokuwa karibu nami. Kazi yangu baada ya shule ni kuchambua gunia kabla omena hajawekwa mezani. Unatoa mchanga, unatoa vipande vya konokono, unatoa fulu waliojichanganya, na unatoa watoto wa mbuta. Mtoto wa mbuta aliyekauka ukimjua humkosi: mdomo ni mkubwa kuliko umri wake na mgongoni ana miiba. Nilikuwa nimewatoa miaka mingi na kuwatupia paka wa jirani bila kuwaza. Lakini nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa Jiografia alikuwa ametuonyesha jinsi ya kupanga takwimu kwenye jedwali, nami nikachora jedwali langu kurasa za nyuma za daftari lile lile: tarehe, gunia limetoka wapi, na katika gorogoro moja mna watoto wa mbuta wangapi.

Magunia hayafanani, jambo ambalo sikulitarajia. Mengine hayakuwa hata na mmoja. Mengine yalikuwa na watano, sita. Na yale yaliyotoka kwa mjomba wangu, ambaye ni mvuvi na humtumia mama mzigo kwa basi, ndiyo yaliyoongoza. Ishirini na saba. Thelathini na mmoja.

Mama alinikuta nikiandika.

"Ni nini hiyo?"

Nikamweleza. Akaendelea kupepeta ungo wake kimya, kisha akasema, "Unajua hiyo karatasi ikifika kwa mtu wa fisheries mjomba wako atalala ndani?"

"Haina jina, mama."

"Sasa unaandika ya nini?"

"Nataka kujua."

"Kujua," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. Hakuninyang'anya daftari.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Sheria inasema matundu ya wavu wa omena yasiwe chini ya milimita 10. Wavu wenye matundu madogo kuliko hapo unakokota kila kitu, na ukikokotwa karibu na nchi kavu unafagia mahali ambapo mbuta wachanga hujificha. Na mbuta naye ana sheria yake: anayeruhusiwa kuvuliwa ni wa kuanzia sentimita 50 hadi 85. Akiwa chini ya hapo bado hajakua, akiwa juu ya hapo ndiye mzazi mkubwa mwenye mayai mengi. Wale niliokuwa nikiwatoa mimi kwenye gorogoro hawakuzidi kidole changu cha shahada.

Agosti ilipofika shule zikafungwa na ziwa likafunguliwa, mambo mawili kwa wiki moja. Mama akanipeleka kwa nyanya. Kwao ni Bunyala, kaunti ya Busia, ambapo mto Nzoia unaingia ziwani. Ufuo wenyewe uko upande wa Port Victoria, ila jina lake sitalitaja, na ukisoma hadi mbele utaelewa kwa nini.

Msomaji ambaye hajaona uvuvi wa omena, fikiria hivi. Usiku ziwa linawaka taa kama Nairobi ukiitazama kutoka milima ya Ngong. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za betri na za jua. Taa zinaelea, wadudu wanaifuata taa, omena anawafuata wadudu, kisha wavuvi wanazungushia wavu. Kwa sababu hiyo kazi hii ni ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, nao wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kubishana siasa.

Nalieleza jambo hili kwa sababu ndilo la kwanza nililofundishwa na Karani. Karani ni kijana wa pale pale, ana mizani ya kuning'iniza, ubao wa kupimia urefu wa samaki, na faili ya plastiki iliyochakaa. Yeye ni wa BMU. Hivyo ni vikundi vya ufuo ambavyo kanuni zake Kenya zilitolewa mwaka 2007, na wanachama wake ni wavuvi, wenye boti na wachuuzi wenyewe. Nilimwamkia, nikamwuliza huwa anakuja siku gani. Akacheka.

"Hilo ndilo swali. Nikija siku za mbalamwezi peke yake nitaandika ziwa limekufa. Nikija siku za giza peke yake nitaandika samaki wanafurika mpaka barabarani. Ziwa ni lile lile."

Kwa hiyo siku zake hupangwa zisambae katika mwezi, naye hapimi boti zote. Anachagua chache. Kwa kila boti anauliza na kupima: ni boti ya aina gani, ina injini, tanga au makasia, wavu ni wa aina gani, watu wangapi, walilala ziwani usiku ngapi wiki hiyo, wamerudi na samaki gani, kilo ngapi, na kilo imeuzwa kwa bei gani. Wakirudi na mbuta, anawalaza juu ya ubao mmoja mmoja, kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Kazi yenyewe inachosha kuitazama, seuze kuifanya, na malipo yake aliyonitajia siyaandiki hapa nisije nikamvunjia heshima.

Boti chache hizo zinaligeukaje ziwa zima? Hapa hesabu yetu ya darasani inafaa. Tangu mwaka 2000, kila baada ya miaka miwili hivi, Kenya, Uganda na Tanzania hufanya kitu kama sensa ya watu, ila ni sensa ya uvuvi. Hupitia fuo zote kuhesabu wavuvi, boti, injini, nyavu na ndoano. Sensa ile ya 2000 ilikuta wavuvi zaidi ya laki moja, na ile ya 2016 ikakuta zaidi ya laki mbili. Basi wastani wa boti moja, unaotoka kwa watu kama Karani, unazidishwa kwa idadi ya boti za sensa na kwa siku za kazi. Anayeziunganisha nchi tatu katika shughuli hii ni Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 1994 na makao yake yako Jinja, Uganda. Huku kwetu watafiti ni wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Wana hata meli ziwani iitwayo Uvumbuzi, na jina hilo lilinifurahisha sana. Watafiti pia hutumia mitambo inayopeleka sauti chini ya maji, na sauti ikimgonga samaki inarudi, hivyo wanakadiria waliopo bila kumwuliza mtu yeyote. Lakini sauti hiyo haiwezi kujua waliokwisha kuliwa. Hilo lazima mtu aulizwe.

Na hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Asubuhi ya pili nilikuwa nimekaa na akina mama kwenye nyavu za kuanikia. Boti ya mjomba ikafika. Karani akaingia majini hadi magotini.

"Beseni ngapi leo, mzee?"

"Kumi na moja," akasema mjomba bila kupepesa jicho.

Karani akapima beseni moja, akaandika, akaenda kwa boti nyingine. Mimi nilikuwa nimezihesabu zikishuka vichwani mwa akina mama. Zilikuwa kumi na sita. Nikamtazama bibi mmoja aliyekaa karibu nami.

"Tano zimeliwa na hewa," akasema, na wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Tano katika kumi na sita ni karibu theluthi. Tuseme boti arobaini zinaficha beseni tano tano. Hizo ni beseni mia mbili kwa usiku mmoja, kwa ufuo mmoja. Kisha zidisha kwa ziwa.

Usiku ule, baada ya kula, nilimwuliza mjomba. Nilianza mbali, maana mtoto hamwulizi mkubwa wake kwa nini umedanganya. Nilimwonyesha kwanza jinsi ya kuchora grafu. Alipenda. Kisha nikamwambia, "Mjomba, ukisema kumi na moja, kule wanakopiga hesabu ziwa linaonekana lina samaki wachache kuliko walivyo."

"Hata."

"Na likionekana lina wachache, wataendelea kulifunga. Wanaweza hata kuongeza mwezi."

Alinyamaza. Mjomba ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nilijua amelisikia.

"Sikiza, mama," akaniambia. Huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Nikimwambia Karani kumi na sita, anaandika kumi na sita. Ile karatasi si ya kwake. Mtu wa ushuru ataisoma. Mwenye boti, ambaye anakaa Kisumu, ataisoma, na mgao wetu na wake unatokana na hiyo kumi na moja. Mtu wa kukamata nyavu ataisoma, aseme huyu anapata nyingi, wavu wake una matundu gani? Daftari ni moja, macho ni manne. Wewe ungesema ngapi?"

Nikakosa la kujibu. Akaendelea, sasa amechangamka. Wavu mpya wa matundu halali ni ghali. Omena wa siku hizi, alisema, ni mdogo, anapita kwenye wavu halali kama maji kwenye chujio. Na jirani yake akivuka kidogo tu yuko Uganda, na huko hawafungi miezi ile ile. "Samaki hana kitambulisho. Nikimwacha mimi, anaenda kukamatwa pale mbele. Mimi nimemlelea nani?"

Nimeyaandika maneno yake jinsi alivyoyasema kwa sababu naona watu wengi huwaandika wavuvi kama wezi. Mjomba si mwizi. Pia sikubaliani naye. Wale thelathini na mmoja katika gorogoro moja wangekuwa mbuta wa sentimita 50 siku moja, na hakuna Mganda aliyewatia kwenye wavu wake. Mambo haya mawili nimeyaweka moyoni pamoja na hayajapatana hadi leo.

Jambo moja ambalo lingemshinda mjomba kubishia ni la zamani. Nyavu za kisasa za kutega ziliingia Ghuba ya Winam mwaka 1905. Wakati huo samaki wa watu alikuwa ngege, na wavu mmoja ulikuwa ukinasa ngege 50 hadi 100. Mwaka 1927 akaja Mwingereza mmoja, Michael Graham, kulichunguza ziwa zima pamoja na uvuvi wake, kazi iliyoendelea hadi 1928. Kufikia miaka hiyo wavu mmoja ulikuwa ukinasa ngege wasiofika kumi. Alipendekeza matundu ya wavu yasiwe chini ya inchi tano, na sheria ikatungwa, kisha baadaye ikaondolewa, na ngege akaendelea kupungua hadi leo watoto wa Kisumu wanamsikia kwa wazee. Graham huyo huyo alionya pia kwamba kumleta mbuta ziwani kunaweza kuwa hatari. Mbuta akaletwa miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametanda kila mahali, na aina nyingi sana za fulu zikatoweka mdomoni mwake. Ninachotaka uone, msomaji, ni jinsi swali la takwimu hizo za kwanza lilivyokuwa jepesi: wavu mmoja, ngege wangapi? Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuficha jibu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa ushuru amesimama nyuma ya muulizaji. Karibu miaka mia baadaye bado tunaziamini.

Siku ya nne nikajifunza kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote. Boti zilipokwisha kushusha na wanaume wakaenda kulala, nilimwona Karani anarudi. Hakuwa na faili mkononi, mizani tu begani. Alipita kwa akina mama mmoja mmoja.

"Mama, leo ulibeba ngapi?"

"Mbili, na nusu."

"Kutoka kwa nani?"

Wakamwambia. Wote wakamwambia, bila kuficha hata nusu. Yule bibi wa juzi alipoona nimeshangaa alinieleza: Karani hachukui ushuru. Anayechukua ushuru ni mwingine, hukaa pale kwenye kibanda cha mabati, na huyo wakimwona wanaanza kuhesabu kwa lugha ya ndege. Karani hajawahi kumpeleka neno hata moja. Mwaka wa kwanza walimjaribu kwa uongo mdogo kuona kama utafika kibandani. Haukufika.

"Sasa unaandika kumi na moja au kumi na sita?" nilimwuliza tulipobaki wawili.

"Naandika ninachopima. Mimi sipimi maneno."

Hiyo ndiyo sababu sitautaja ufuo. Na kama msomaji wangu siku moja atakuwa mkubwa katika wizara, nina ombi kwake: anayehesabu samaki asiwe ndiye anayetoza ushuru, wala asiwe ndiye anayekamata nyavu. Najua pesa ni chache na watu ni wachache, na mtu mmoja hupewa kofia tatu. Lakini akivaa kofia tatu, kule Jinja wanapokea kumi na moja, wanaizidisha kwa maelfu ya boti kwa uangalifu mkubwa, na kompyuta haijui kwamba tano zililiwa na hewa.

Kabla sijaondoka nilimwonyesha Karani daftari langu. Nilikuwa nimeyafuta majina ya wenye magunia nikaweka herufi tu, A, B, C. Alilisoma akiwa amesimama, akarudi mwanzo akalisoma tena. Aliniambia kwamba alfajiri beseni likishuka kila kitu kinang'aa na kurukaruka, fulu, mbuta mchanga na omena ni fedha tupu, na hakuna mvuvi atakayekusubiri umchambulie. Wanaonekana wakikauka, tena wakipita mikononi mwa mtu anayetoa mmoja mmoja.

"Hii kazi mnaifanya nyinyi Nairobi kila siku?"

"Kila siku."

"Halafu mnawapeleka wapi hao watoto?"

"Kwa paka."

Akatikisa kichwa. Alinakili nambari zangu nyuma ya fomu yake. Hakuniahidi kitu, na nilimheshimu kwa hilo.

Niliporudi nikaongeza safu mbili: bei ya gorogoro siku hiyo, na nani amechambua. Mama mdogo naye ameanza lake kule Makina, ingawa yeye huandika akikumbuka na huwa hakumbuki Jumamosi. Nikienda kwake kwa miguu, kwa kukata Ngong Road, hunisomea mambo yake kwa haraka huku akihudumia wateja. Mama yangu haandiki. Ila siku moja nilichelewa kutoka mazoezi ya michezo ya kuigiza, nikakuta ameshachambua peke yake. Kwenye kipande cha katoni kando ya meza palikuwa na kilima kidogo cha watoto wa mbuta, hakuwatupa. "Hesabu zako hizo," akasema, akamgeukia mteja.

Aprili ya mwaka huu ziwa likafungwa tena. Magunia yaliyokuja Gikomba yalikuwa machache na ghali. Kwenye safu ya gunia limetoka wapi niliandika yale muuzaji aliyoyasema, nikaongeza neno "anasema", maana hilo nimejifunza.

Mwezi wa Mei, saa tatu usiku, mjomba alipiga simu. Alikuwa akifanya kibarua cha mpunga huko Bunyala, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeinama kutwa. Akaniuliza habari za masomo, nikamjibu. Akaniuliza gorogoro ni bei gani huku, nikamwambia. Akapiga mluzi.

"Na gunia mlilo nalo sasa limetoka wapi?"

"Muuzaji anasema Mwanza."

"Lina watoto wa mbuta?"

"Kumi na wanane kwa gorogoro."

Akakaa kimya hadi nikadhani salio limekwisha.

"Na langu la Machi?"

Nikafunua kurasa za nyuma. "Thelathini na wawili."

"Hao ni wengi," akasema. Nilisikia vyura nyuma yake, wa huko kwenye mashamba. "Haya. Mpe mama yako simu."